Waya wa Kupimia

...volti mia mbili sabini na nane, na mita ilitakiwa kusoma mia mbili thelathini, nimelizima jenereta kabla halijaunguza kingine, sasa chumba kimya, joto la injini linanipiga usoni, na mlangoni sista wa wodi ya wazazi anauliza bado muda gani, umeme wa mtaani haujarudi, namwambia dakika kumi, fundi yeyote husema dakika kumi... mzunguko wa injini ulikuwa sawa, basi si injini, ni kidhibiti volti, nafungua kifuniko, tochi mdomoni, na hapo waya wa kupimia unaning'inia, skrubu haikukazwa, na kidhibiti kisichopata habari za volti hudhani zimepungua, kinaongeza, kinazidi kuongeza, ndivyo juzi ilivyoungua mashine ya joto ya watoto njiti, yule mdogo akahamishiwa kifuani kwa mama yake, akapona, kwa rehema tu... na kidhibiti alikifunga nani kama si mimi, mwezi jana, mbio mbio, nikisema nitarudi kukaza, lakini juzi mkuu wa hospitali alipouliza nani kaligusa jenereta mara ya mwisho nilitazama viatu vyangu, na baba mkwe, aliyebadilisha oili tu, akaambiwa apeleke uzee wake nyumbani, baba mkwe aliyenifundisha kushika bisibisi, akanipa na binti yake juu, na jana mke wangu ananiambia baba hali chakula, anazifuta bisibisi zake moja moja, anajiuliza alikosea wapi, labda macho, anasema, na mimi, na kinywa hiki, nikamjibu macho ya wazee ndivyo yalivyo... robo mzunguko tu, nikaze, nifunge kifuniko, nani atajua, kimya changu kitabaki humu na dizeli, ila nitakula na mzee sinia moja Jumapili, na Jumapili nyingine, atanisogezea mnofu kama kawaida yake, na nitaumeza vipi...

"Fundi, umeona tatizo?"

...anauliza taratibu, hana hata shaka nami, na hicho ndicho kinachonibana, afadhali angefoka...

"Nimeliona, sista. Nililiacha mimi mwezi jana. Mzee hakuhusika, na mkuu nitamwambia mwenyewe."

...narudisha waya mahali pake, nakaza, robo mzunguko niliyoiacha mwezi jana.