Besi ya Mutunga

Simu ya Kavindu ilikuwa na ugonjwa mmoja: haikujua wanaume. Ukiicheza ile albamu ya kwaya, kinanda kinatoka, wanawake wanatoka, hata yule mama wa sauti ya kwanza anayepandisha utadhani amekanyaga kaa la moto, naye anatoka. Wanaume wa besi, hola. Unasikia kitu kama nyuki kwenye mkebe, basi, mambo yanaishia hapo.

Na besi ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mumewe Mutunga, fundi wa masanduku ya bati, aliimba besi katika kwaya ya kanisa lao miaka kumi na minne, akafariki Agosti mwaka jana. Hakuwa mtu wa simu; hakuacha video wala ujumbe wa sauti. Aliacha nyundo tatu, suti moja ya kijivu na albamu hiyo. Enzi za uhai wake alikuwa akiketi kitandani, anangoja wimbo wa pili ufike mahali fulani, kisha anainua kidole na kusema, "Hapo sasa." Kavindu alikuwa akisikia nyuki. Aliitikia kwamba amesikia, maana mwanamke aliyetoka kuuza mboga kutwa nzima hana nguvu za kubishana juu ya nyuki.

Sasa alitaka kumsikia kweli. Jumapili ingekuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja, watu wangekuja nyumbani Kianda kunywa chai, na zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilikuwa imefika. Shivachi, kijana mwenye studio kule Kawangware aliyeirekodi albamu yenyewe, alikuwa akiuza vitu viwili kwa bei moja: hedfoni zake za kazi, na spika mbili kubwa za nyumbani. Kavindu angeweza kuchukua kimoja tu.

Ushauri haukukosa. Shemeji yake Musembi alisema spika, kwa sababu spika ni kitu cha mtu mzima, mgeni akiingia anaiona. Alipoambiwa hedfoni zina bei sawa na spika mbili alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama huwa zinapika pia. Jirani yake Amondi alisema hedfoni, tena bila kupepesa macho. Nyumba zao zilitenganishwa na bati moja. Huku ukipiga chafya, kule unaambiwa pole. Amondi alimpenda Kavindu sana, lakini hakutaka kuomboleza kila siku kwa ratiba ya mtu mwingine.

Kavindu mwenyewe aliegemea hedfoni. Alijiona amezivaa, mlango umefungwa, Mutunga yuko masikioni na hakuna mtu wa kumuuliza analia nini. Alhamisi asubuhi akapanda boda boda hadi Kawangware.

Studio ya Shivachi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ya zamani. Shivachi alimkalisha, akampa pole tena kwa Mutunga, akaanza na spika. Wimbo wa pili ulipoingia, Kavindu alishika kiti. Sakafu ilikuwa inanguruma. Besi ilimpanda miguuni ikamfika kifuani, nzito, pana, ya wanaume wazima, naye akasema moyoni, huyu hapa, huyu ndiye. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Hata akaanza kufikiri namna ya kuongea na Amondi.

Kisha Shivachi akamvisha hedfoni, wimbo ule ule.

Hapo mambo yakawa mengine. Kwenye spika wanaume walikuwa ukuta mmoja; kwenye hedfoni ukuta ulifunguka na kila mtu akasimama peke yake. Kavindu aliwajua wote, aliwaandalia chai miaka mingi. Kushoto kabisa alikuwa Kabiru kinyozi, anayeimba kwa pua. Karibu yake, shemasi wa mafua, unasikia hadi anavyovuta pumzi. Kulia alikuwa Lazarus wa duka la mbao, sauti nene isiyo na haraka. Mahali pa kidole pakafika. Kavindu akafumba macho, akangoja.

Aliomba wimbo urudiwe. Kisha akaomba tena. Mara ya tatu alizivua hedfoni, akaziweka mapajani polepole kama mtu anayerudisha sahani ya watu.

"Shivachi," alisema, "Mutunga hayuko."

Shivachi alijifanya kutafuta waya chini ya meza. Waya haukuwepo. Alipoinuka alikuwa ameiva uso, na alisema yote kwa mkupuo mmoja, akiangalia trei za mayai. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo watu wa besi aliwarekodi mmoja mmoja. Mutunga aliimba kwa moyo, hiyo hakuna wa kukataa. Lakini miaka yote ya kugonga bati ilikuwa imemmaliza masikio. Alikuwa akiingia nyuma ya wenzake, si sana, nusu ya pigo hivi, kila mara. Mwalimu wa kwaya, Phanuel, alirudi siku ya pili peke yake, akamwambia Shivachi azime sauti hiyo, na mzee asiambiwe kitu.

"Na hakuambiwa?"

"Hakuambiwa. Alikuja kuchukua kopi yake, akanishika mkono sana."

Kavindu alikumbuka kidole kile, mwaka hadi mwaka, kimeinuliwa mbele ya simu isiyojua besi. Mutunga hakuwahi kujisikia, wala asingeweza. Masikio yake yenyewe hayangemwambia. Alikuwa akiinua kidole kwa imani tu. Kavindu aliona uchungu, na hasira pia, na hakujua aanze kumkasirikia nani katika watu wote hao wenye adabu waliokula chakula chake.

"Uliifuta?" aliuliza.

"Hapana. Mimi huwa sifuti."

Ilimchukua Shivachi karibu saa nzima kuipata, kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa ikifunikwa na kitambaa cha meza. Alichukua hedfoni amvishe. Alifanya hivyo kwa wema: ile sauti ikiwa peke yake ilikuwa na aibu zake, na mlango ulikuwa wazi. Kavindu akamshika mkono.

"Weka kwa spika."

Mutunga akaimba. Bila kwaya, bila kinanda, mtu mmoja na besi yake, amekwaruza kidogo mwanzo kisha akakaa sawa. Aliimba kwa nguvu ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo. Mwenye duka la rangi alichungulia, akaona mama analia na kucheka kwa pamoja, akarudi kwa rangi zake.

Shivachi alisema angeweza kumrudisha ndani ya wimbo kabla ya Jumapili. Tena, kwa kompyuta ya siku hizi, angeweza kumvuta mbele kidogo tu, akaenda sawa na wenzake. Hakuna ambaye angejua.

"Usimguse," Kavindu alisema. "Mrudishe jinsi alivyo."

Akaziacha hedfoni mezani, akachukua spika.

Jumapili chumba kilijaa, wengine wakakaa nje kwenye viti vya kanisa. Amondi alikuwa ameshaambiwa, na alikuwa wa kwanza kuja, na chapati zake. Phanuel mwalimu wa kwaya alipewa kiti kizuri, kile kilicho kando ya spika, akapewa kikombe kikubwa. Alisifu chai. Akamsifu marehemu vilevile, akasema alikuwa nguzo ya besi, na watu wakaitikia.

Kavindu akacheza wimbo wa pili. Kwaya ikaanza, bati la ukuta likatetemeka, watu wakatikisa vichwa. Kabiru akaingia, shemasi akaingia, Lazarus akaingia. Kisha nyuma yao, akiwa amechelewa kidogo, mnene kuliko wote, akaingia Mutunga.

Lazarus wa duka la mbao, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka haraka kama aliyeitwa. Phanuel alishusha kikombe alichokuwa amekiinua, kabla hakijafika mdomoni. Hakumtazama mtu.

Kavindu alikuwa ameketi kitandani, upande ule wa mumewe. Aliinua kidole.

"Hapo sasa," alimwambia Phanuel.