Kichwa cha Mbuzi wa Kumaliza Matanga

Mulenga, profesa, alikuja kumaliza matanga ya kaka yake amevaa suti mpya ya abakosi, kabeba sanduku la glasieri lenye barafu kama mtu anayekwenda kuuza samaki. Germaine, mjane, alimtazama kutoka mlangoni, rozari mkononi, akajua: leo tena.

Katika ukoo wa marehemu, mdogo wake ndiye anayekula nyama ya kichwa cha mbuzi mbele ya watu, ndipo mjane huvuliwa kitambaa cheusi. Asipokula, mjane bado ni mali ya ukoo, na nyumba yake ya Kamalondo iko chini ya mkono wa huyo mdogo. Mara ya kwanza Mulenga alisingizia mkutano wa Chama. Lakini vyumba vya nyumba hiyo alikwisha kuvipima kwa hatua zake, wenzake wakiwa wanasali novena.

Donat, kijana aliyepewa kazi ya kisu, alipomaliza kumchinja mbuzi, Mulenga akafungua glasieri.

"Kichwa hii asiiguse muntu. Inaenda ku laboratwari, ku universite."

"Yote?" akauliza Tantine Régine, shangazi wa marehemu, aliyesimamia matanga.

"Tantine, ni siansi. Tunatafuta enzimu moja. Kalsiumu ikiingia katika seli ya ubongo, ile enzimu inaamka, inapeleka habari ndani." Akakohoa kwa raha ya kujisikia. "Tunataka kujua inakaa wapi. Iko mingi pale penye kumbukumbu, pamejikunja kama pembe ya kondoo. Nyuma, ku ubongo mudogo, iko kidogo. Munaona?"

Wazee wakainamisha na kuinua vichwa kama kuku wanywao maji. Germaine hakutikisika. Mwanamume mzima kajificha nyuma ya ubongo wa mbuzi! Mungu kampa masomo, naye anayatumia kama mwizi anavyotumia giza.

Akapiga goti mbele yake, kama ilivyompasa.

"Shemeji profesa, na ulimi? Nayo munaitafutia enzimu?"

Mulenga akacheka. "Mama Germaine, weye na jikoni yako! Miye ninafuata ubongo tu. Ingine yote ni muchuzi."

"Aksanti." Akamgeukia Donat. "Umesikia profesa. Pasua, toa ubongo, weka ku barafu, usiharibu siansi ya bantu. Ulimi, lete hapa ku makala ya moto."

Kicheko cha Tantine Régine kikawatangulia wengine. "Eee, Mulenga! Umejichinja mwenyewe!"

"Lakini sina njaa, Tantine."

"Nani amekuuliza njaa? Kula, ao tuseme ukoo yetu iko na mwanaume anaogopa ulimi."

Mulenga akala amesimama, mafuta yakimdondokea kwenye abakosi. Germaine alifuata kila tonge kwa macho. Mtu wa namna ile huficha nyama shavuni.

"Fungua kinywa," akaamuru Tantine.

Profesa akafungua kinywa, kama mtoto aliyenyweshwa dawa ya minyoo.

Kitambaa cheusi kikavuliwa. Germaine akafanya ishara ya msalaba, akainua glasieri, akaiweka nje ya kizingiti, barabarani kabisa.

"Barafu inayeyuka, shemeji," akasema. "Usichelewe."