Nafasi ya Kona ya Chini

Bertilla alikuwa anakula kiporo cha ugali wa ulezi na chai ya rangi, mbele ya kompyuta ya pembeni kwenye intaneti kafe ya Zubery mjini Sumbawanga, Bi Kulsumu wa duka la vitenge alipoingia kulalamika. Wageni wa tovuti walikuwa wamemwachia mlango wazi, na baridi yote ya mwezi wa saba imejaa dukani.

"Wageni gani hao tena?" Zubery aliuliza, akiwa anafuta vumbi kwenye kioo.

"Wa huyu hapa, Bertilla. Tangu asubuhi wanaingia. Wanapapasa vitenge, doti hii, doti ile, hawasemi neno. Nimewawekea kigoda, nimewawekea maji. Wanaangalia tu."

Bertilla alimeza tonge, akatazama kihesabu cha wageni chini ya ukurasa. "Ni kweli. Leo wamefungua wengi."

"Sasa mbona hawanunui?"

"Bi Kulsumu, mimi nilikuuzia nafasi. Kuleta wageni ni kazi yangu. Kuuza kitenge ni kazi yako."

Bi Kulsumu alifikiri, akaona hapo amebanwa kihalali. Aliomba tu waambiwe wafunge mlango, akarudi dukani kwake.

Bertilla alikuwa mpiga taipu wa chama cha ushirika hadi siku soko lilipofunguliwa, wafanyabiashara wakaruhusiwa kuingia na malori yao kununua mahindi mpaka shambani. Ushirika ukafa taratibu. Taipu zikabebwa, haijulikani zilipelekwa wapi, na yeye akabaki na vidole vyenye mbio na hana cha kugonga. Miaka ikapita. Zubery alipoleta kompyuta, Bertilla alikwenda kuangalia kama herufi bado ziko palepale alipoziacha. Zilikuwa palepale. Akaanza kuchungulia kurasa za watu zilivyoshonwa kwa ndani, akafumua huku, akaunga kule, mpaka akawa na tovuti yake mwenyewe. Aliiita Dirisha la Ufipa. Ilikuwa na picha ya soko, bei ya mahindi na maharage, hali ya mvua, matokeo ya mpira na matangazo ya misiba. Upande wa kulia vilishuka visanduku vya matangazo, alivyouza kwa mwezi.

Kuviuza haikuwa kazi ndogo. Alipita duka kwa duka na viatu vyake vya ofisini, akieleza. "Ni kama kibao mbele ya duka lako, ila hiki kinaonekana Dar, kinaonekana hadi Uarabuni."

"Kikinyeshewa je?"

"Hakinyeshewi."

Hilo ndilo lililowashawishi wengi, maana mvua ya Ufipa ilikuwa imekwisha kula vibao vingi.

Watoto wa Ufipa waliotawanyika walianza kufungua Dirisha huko waliko, na kila aliyefungua alifika. Hakuonekana wala hakusikika akipumua, lakini alifika, akaingia kwenye duka lililotangazwa, akashika alichotaka kushika, akatoka. Hakuna aliyelikuza jambo hilo. Mji ambao wapita njia wameusingizia makubwa ya uchawi tangu zamani haushtuki kwa madogo.

Malalamiko yalikuwa ya kibiashara tu. Masanja, aliyeuza madume ya ng'ombe wa kulimia, alikuja kafe na fimbo yake kwapani.

"Mama, madume yangu yamefunuliwa midomo tangu jana. Wanakagua meno. Dume moja sasa likiona mtu yeyote linafunua lenyewe."

"Waulize wanataka nini," Zubery alisema. "Si uwaulize, mzee? Wewe unasimama tu kama nguzo ya umeme."

Masanja alimtazama Bertilla, na Bertilla akatikisa kichwa. Kwao Bertilla, kijijini Msanzi, mgeni haulizwi. Anapigiwa makofi ya taratibu, anapewa pa kukaa na maji, kisha mwenye nyumba ananyamaza. Mgeni akishapumua atasema mwenyewe kilichomleta. Kumtangulia kwa swali ni kumwambia ondoka. Masanja alitoka Usukumani na Bi Kulsumu ni wa ukoo wa wafanyabiashara, lakini wote wawili walikuwa wamekaa Ufipa miaka mingi, adabu hiyo imewaingia kama baridi ilivyowaingia. Kwa hiyo mji mzima uliwapa wageni viti ukanyamaza, nao wageni waliangalia, wakanyamaza, wakaenda zao.

Kisanduku cha mwisho, kona ya chini, kilikosa mnunuzi.

"Ondoa tundu hilo," Zubery alisema. "Ukurasa umekuwa kama kibogoyo."

Bertilla hakuwa na picha ya kuziba. Aliazima kamera ya Zubery, akaenda nyumbani kwake mtaa wa Mazwi, akapiga picha mlango wake wa bluu na dirisha la pembeni, akaibandika pale bila maneno. Kwake ilikuwa kiraka tu, mpaka apatikane mwenye pesa.

Mvua za kwanza zilipoanza, Jumamosi moja jioni, mlango wa bluu ulifunguka, na komeo liko mahali pake. Mtu alikung'uta viatu kizingitini. Bertilla alikuwa anachambua maharage. Alipiga makofi mawili ya taratibu, akasema, "Karibu," kama alivyolelewa.

Sebuleni kulikuwa na kiti cha mninga chenye mguu mmoja mfupi, uliowekewa kizibo cha soda. Asiyekijua kiti hicho akikaa hupepesuka. Mgeni huyu alikisogeza kizibo kwa ncha ya kiatu kikarudi chini ya mguu, ndipo akakaa. Kiti hakikucheza.

Bertilla aliweka ungo chini. Aliyezoea kufanya hivyo ni mmoja tu, na ndiye aliyekiweka kile kizibo.

Modesti, mume wake, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Ushirika ulipokufa alisema anakwenda Tunduma kupeleleza kazi, na akirudi ataziba bati linalovuja chumbani. Alituma salamu kupitia makondakta msimu wa kwanza. Msimu uliofuata salamu zikakatika. Madereva waliopita Tunduma walijua anauza vipuri, walijua na mwanamke anayekaa naye, na watoto wanasoma wapi. Walimsimulia kila mtu stendi isipokuwa Bertilla, kwa sababu Bertilla hakuuliza. Chini ya tundu la bati aliweka sufuria, nalo likawa likilia mvua kwa mvua. Angeweza kumwita fundi. Lakini bati lile lilikuwa la Modesti, na kuliziba aliona ni kama kumwambia asijisumbue kurudi.

Jioni ile alimwekea mgeni maji kwenye kikombe chake cha zamani. Maji hayakupungua. Baadaye kiti kililia, hatua zikaenda chumbani, na Bertilla akasikia matone yameacha kugonga sufuria. Yalikuwa yanagonga kitu laini, kama koti begani. Modesti alikuwa amesimama chini ya tundu, anaangalia juu. Kisha sufuria likaanza kulia tena, na nyumba ikawa na mtu mmoja.

Ikawa hivyo Jumamosi nyingi. Bertilla alisuka nywele. Alipika samaki wa Ziwa Rukwa kwa nyanya, maana Modesti alimpenda samaki huyo, akampakulia, na usiku akawa anakula sahani zote mbili mwenyewe. Alimsimulia habari za mji: nani amekufa, nani amejenga, mbegu ipi imegoma kuota. Hakumuuliza kitu. Mara nyingine mgeni alitoweka katikati ya habari, na Bertilla akajua umeme umekatika Tunduma.

"Siku hizi Jumamosi unawahi kufunga, Mama Tovuti," Zubery alimtania. "Una posa?"

"Nina mgeni."

"Anasemaje?"

"Hajapumua bado."

Kabla ya Pasaka, Ridhiwani, mwenye mabasi, alikuja kafe akinukia marashi. Alikuwa amenunua basi jipya la kwenda Tunduma, anataka nafasi ya mwaka mzima, na anataka kona ya chini. Jicho likishuka, alisema, linaishia pale.

"Ile ina mtu," Bertilla alisema.

"Ina mlango. Na mlango ule haulipi."

Zubery alimvuta pembeni. Sauti yake haikuwa na utani. "Dada Bertilla, laini ya intaneti inapanda bei. Bila tangazo la mwaka, mwisho wa mwezi nazima. Likizimwa Dirisha, mlango wako utaonekana wapi?"

Bertilla aliomba alale kwanza, atajibu asubuhi. Hakulala. Akikataa, Dirisha linakufa na mgeni wake nalo. Akikubali, mgeni anakosa mlango. Kuelekea asubuhi wazo likamjia, akalishika kwa mikono miwili: mtu anayeangalia nyumba yake kila Jumamosi, siku asipoiona si atashtuka? Si atapanda gari aje kuona kama imebomoka? Labda picha ndiyo iliyomchelewesha. Anaiona imesimama, anatulia.

Aliutoa mlango wa bluu, akaweka basi la Ridhiwani, limepigwa picha stendi, limeoshwa hadi matairi.

Jumamosi ile alipika samaki. Alipaka kizingiti udongo mwekundu kikang'aa. Kiti hakikulia, na hapakubishwa hodi. Jumamosi iliyofuata alipika tena, pungufu kidogo. Mbwa wa jirani alikwangua mlango, naye akaenda kufungua akijua ni mbwa.

Baada ya hapo Ridhiwani alikuja kafe mwenyewe.

"Mama, sina ugomvi na wageni wako. Wanagonga tairi, wanajaribu honi, sawa, ndiyo biashara. Lakini kuna mmoja hateremki. Kila Jumamosi, kiti cha dirishani nyuma ya dereva kinabonyea pale stendi. Gari likiondoka anakwenda nalo kipande, halafu kiti kinapanda. Kondakta anashindwa kukiuza."

"Kabla ya kukaa anafanya nini?"

"Kondakta anasema anasugua kiatu sakafuni, kama mtu anayetafuta kitu chini ya mguu wa kiti."

Bertilla aliinamisha kichwa. Modesti alikuwa amefungua Dirisha, amekuta nyumba yake haipo. Pale ilipokuwepo amekuta basi, na basi hilo lingemleta hadi stendi, robo saa kwa miguu kutoka mlango wa bluu. Yeye akakaa ndani yake, akaangalia.

Jumamosi alikata tiketi ya kwenda Mpui, njia ya Tunduma, ambako hakuwa na shughuli yoyote, na kondakta akamweka pembeni ya kiti kilichobonyea. Alikuwa amevaa gauni la ofisini na amebeba chupa ya maji. Basi likapiga honi, likaanza kupanda na barabara ya matope. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote, ya kijani, yamebeba. Upepo wa uwanda uliingia dirishani. Lakini upande wa bega lake la kulia ulikatika, kwa sababu kulikuwa na mtu.

Alipiga makofi mawili, polepole, watu wasisikie. Akaweka maji miguuni pa kiti. Akanyamaza, akampa nafasi ya kupumua. Walipita kijiji, wakapita kingine. Alifikiria miaka yote aliyonyamaza, akaona kwamba hata mgeni aliyetoka mwisho wa dunia angekuwa amekwisha kupumua.

"Modesti," aliuliza, "unarudi lini?"

Kiti hakikupanda ghafla. Kilipanda taratibu, kama mtu anayenyanyuka kwa adabu kumpisha mwingine, mpaka godoro la kiti likawa sawa, limejaa, halina alama. Upepo ukamfikia Bertilla bega la kulia. Chupa ya maji ilianguka, ikabingirika chini ya viti.

Basi lilisimama kupakia. Mama mmoja alipanda na tenga la kuku, akakitazama kiti.

"Samahani dada, hapo pana mtu?"

"Hapana," Bertilla alisema, akavuta magoti kumpisha. "Alikuwa anaangalia tu."

Jumamosi iliyofuata kiti kilibonyea kama kawaida. Kondakta alikuwa amekwisha kuzoea. Alikata tiketi za wengine, akakiruka. Zubery hakuzima intaneti. Bi Kulsumu alilipia nafasi yake mwezi mwingine, baada ya kufunga kamba mlangoni ili ujirudishe wenyewe. Na jioni hiyo Mazwi mvua ilinyesha, Bertilla akaondoa sufuria chini ya bati akaweka ndoo, maana tundu lilikuwa limepanuka.