Chumba cha Uani

Chumba cha uani kilikuwa changu na wadudu wangu. Dirishani nilitundika chandarua kuukuu, jua likipita hapo linalegea, linakuwa jeupe kama maziwa. Ndani ya chupa pana zilizopangwa kwenye rafu, wadudu wekundu wenye madoa meusi walipanda na kushuka kwenye majani ya pilipili hoho, wakila vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, taratibu, bila pupa. Nilikaa humo mpaka chai ikapoa, nikasahau kama kuna dunia nje. Mume wangu alichungulia mlangoni, "Hamjambo, waume wenzangu?" Nikamfukuza. Wivu tu huo.

Niliwafuga kwa sababu ya baba mkwe wangu. Maisha yake yote amepulizia dawa shambani, pampu mgongoni, mdomo wazi. Sasa mikono inamtetemeka, na daktari alishamwambia aachane na dawa kabisa. Thubutu! Mkaidi yule. Akasema pilipili zikiliwa na vidukari, yeye hawezi kukaa akitazama. Basi nikamwambia, "Baba, hawa wangu wakishazaana nitawaachia shambani, wawale vidukari wote. Wewe pampu utaitundika."

Alinicheka mpaka akakohoa. Lakini kila asubuhi alikuja kutega sikio kwenye chupa, eti anawasikia wakitafuna. Aliwaita wajukuu.

Asubuhi ya kuwaachia, niliamka mwepesi, nikaenda uani miguu mitupu. Nilipofungua mlango, mwanga ulikuwa uleule, mlaini, na nikadhani wamelala. Walikuwa chali, miguu juu, chupa moja baada ya nyingine. Mmoja tu alizungukazunguka mahali pamoja kama mlevi. Ndipo harufu ikanifikia, na harufu hiyo naijua.

"Nani ameingia humu?"

Baba mkwe akatokea anatabasamu. "Mimi, mwanangu. Jana jioni niliona sisimizi wanapanda rafu. Nikapulizia miguu ya rafu, kidogo tu, wasije wakawadhuru wajukuu."

Jamani! Damu ilinichemka. "Umeniua, Baba! Hiyo dawa itajuaje huyu ni sisimizi na huyu ni wangu?" Maneno yale hayamfai mkwe, najua, lakini yalishatoka.

Tabasamu likamwisha. Akaingiza vidole kwenye chupa, akamtoa mdudu mmoja, akamweka kiganjani, akamtazama sana.

"Huyu anatembea," akasema.

"Hatembei, Baba. Ni mkono wako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shambani vidukari walikuwa wameshafunika machipukizi, na kufuga wengine upya kungechukua muda ambao pilipili hazikuwa nao. Nilimsikia akiishusha pampu kutoka ukutani. Nikakimbia, nikamnyang'anya, nikaivaa mimi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri.

"Funga kitambaa mdomoni," akasema kwa upole. "Upepo uwe mgongoni."

Nikaanza mstari wa kwanza. Dawa ilitoka kama ukungu, ikaelea juani, ikatua laini juu ya majani, nzuri ajabu. Nyuki mmoja aliyekuwa kwenye ua jeupe la pilipili akanyamaza. Nililia ndani ya kitambaa, miguu ikienda yenyewe kama ya mtu anayeota.

"Inatosha, mwanangu," baba mkwe akaita kutoka pembeni ya shamba. "Lete, nimalizie mimi."

Nikajifanya sijasikia.