Kamongo Ndani ya Udongo

Koti la shemeji yangu Amolo lilikuwa limekwisha kutundikwa msumarini, pale lilipokaa la marehemu mume wangu, Gordon. Kwetu Nyando, koti la mwanamume katika nyumba ya mjane halihitaji maelezo. Alikuwa amekuja kunirithi.

"Mama Obiero, unasema uko na huo ugonjwa, na mwili ndio huu?" alisema. "Gordon alikonda. Wewe unanenepa tu."

Nilimwogopea yeye, na zaidi mkewe, Lornah, ambaye nilimpenda. Lakini swali lake lilikuwa langu pia. Mwaka huo wa 1996 nilikuwa nimemuuliza daktari Waringa kule Kisumu: kama kirusi cha Ukimwi kimo, kinafanya nini? Hakunicheka. Alisema vingine huzaana kimyakimya, na vingine hujishona ndani kabisa ya seli ya damu. Seli ikilala, navyo vinalala. Walinzi wa mwili hupita wasione kitu. Nilirudi nyumbani nina maswali mengi kuliko hofu. Kitu kisichokula wala kutembea kinaishije?

Asubuhi Amolo alikwenda kwenye kinamasi kilichokauka kuchimba udongo wa kukandika ukuta wangu. Alileta bonge gumu, na juu yake nikaona kitundu kidogo. Nilikijua kitundu cha aina hiyo.

"Hilo usilivunje," nilisema.

Nililiweka katika karai, nikamimina maji. Akanitazama kama mtu aliyeoa kichaa. Tulikaa kivulini, tukanywa chai, ikapoa. Udongo ulilegea, kisha ukatikisika, na kamongo, samaki wa matopeni, akatoa mdomo kuvuta pumzi.

"Alikuwa amekufa?" nilimuuliza.

"Hapana. Alilala."

"Kiangazi chote. Na wewe ungemkandika ukutani, ukasema ni udongo tu."

Alimtazama samaki, akanitazama mimi. Alimbeba kwenye karai hadi mtoni, akarudi, akakandika ukuta mpaka jioni. Kisha akanawa, akaingia ndani na kulitungua koti lake.

"Lornah atakuja kesho," alisema mlangoni. "Mtapalilia pamoja."

Alikuja, na bado anakuja, mvi zimemjaa. Mimi dawa zilinikuta hai, nami nashukuru. Vipimo havikioni tena kirusi, lakini daktari asema kimo, kimelala. Kila ninapomwona humuuliza kimelala wapi hasa, naye hucheka, akisema hata wao wanakitafuta.

Ule msumari haujang'olewa. Natundika hapo mfuko wa vidonge.