Jina Linalouma

Mzee Idarusi alipata jina uzeeni, meno ya mbele yamekwisha kwenda zake na magoti yanalia kama bawaba za mlango wa bohari. Ujanani alilitafuta jina hilo kwa jasho, asilipate. Alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha kiwanda cha kamba, enzi zile kila kiwanda kina ngoma yake, na kiongozi hatii mguu Tanga bila kutumbuizwa. Idarusi ndiye aliyekuwa bepari. Alifungwa mto tumboni, akavishwa tai, akapigwa mateke na wakulima mpaka wageni wakashika mbavu. Kisha kiwanda kikauzwa kwa bepari wa kweli, asiye na mto tumboni, na huyo hakuna aliyemgusa hata kwa ukucha. Wasanii waliambiwa asanteni, nendeni. Miaka yote iliyofuata Idarusi alishona viatu barazani kwake Chumbageni, na katika wale waliompigia makofi hakuna aliyesimama kumuuliza amekula nini. Mji unasahau upesi, na wenye kukumbuka huitwa wakorofi.

Ndipo akaja Mathew, kijana wa Dar, mpiga picha za mchezo wa kuigiza wa kwenye simu na runinga. Alileta kiatu kilichoachama, akamtazama fundi badala ya kiatu.

"Shikamoo, mzee. Sura hiyo umeitoa wapi?"

"Marahaba. Nimezaliwa nayo. Wewe unataka gundi au uzi?"

"Nakutaka wewe."

Mchezo wenyewe ulipigwa Raskazone, katika nyumba moja kuukuu ya enzi za Wajerumani. Idarusi alipewa kuwa mzee katili anayemfukuza mkewe, Bi Shamsiya. Bi Shamsiya alikuwa Loveness, msichana aliyepakwa unga nywele zikawa mvi. Mzee akasimama mbele ya kamera, akanyoosha kidole, akanguruma kama alivyonguruma zamani na mto tumboni:

"Bi Shamsiya! Nimekuacha!"

"Kata," akasema Mathew. "Mzee wangu, unatangaza mnada. Huyo Shamsiya humjui, hakuumi. Mwite kwa jina jingine. Tafuta jina linalokuuma, ndipo useme."

Lazima ijulikane hapa kwamba Idarusi alikuwa na mke, na kwamba kwa watu wa rika lake mume hamwiti mkewe kwa jina. Ni Mama Hafsa, basi, kwa binti yao Hafsa aliyeolewa Unguja. Naye humjibu Baba Hafsa. Jina lenyewe Idarusi alilitamka siku moja tu maishani, kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha baba mkwe, mbele ya mashahidi: nimekubali kumuoa Sabiha binti Tahiri. Baada ya hapo alilikunja akaliweka, kama kanzu ya Idi isiyovaliwa shambani.

Sasa akasimama katika ile nyumba ya Raskazone, akilitafuta jina linalouma. Akapekua ndugu waliokufa, akapekua rafiki. Akaliona moja tu.

"Sabiha binti Tahiri," akasema. Sauti haikupanda, ilishuka. "Nimekuacha. Talaka tatu. Toka nyumbani kwangu." Na machozi yakamtiririka, ambayo hakuna aliyemwambia ayatoe.

Loveness alilia kweli, unga ukamdondoka usoni. Mathew akamkumbatia mzee, akamwita dhahabu. Idarusi alirudi Chumbageni kwa bajaji akiwa na halua mkononi ya kumpelekea Mama Hafsa, mwepesi kama kijana. Kosa hakuliona. Alidhani ameigiza.

Kipande kile kikaingia kwenye simu za watu kama upele. Dereva wa bodaboda pikipiki ikigoma kuwaka, huipiga teke: "Sabiha binti Tahiri, nimekuacha!" Timu ikifungwa, mashabiki huimba hivyo hivyo. Muuza samaki sokoni humwambia hivyo mteja bahili. Waliompita miaka yote wakienda zao sasa wakapanga foleni barazani kupiga naye picha, na wakubwa walimwalika hotelini awalize wageni. Naye, maskini, alifurahi. Nani angemlaumu? Mwenye njaa ya makofi haulizi yamepikwa na nani.

Mama Hafsa hana simu ya kuonyesha picha. Alisikia jina lake likipigiwa kelele njiani, akadhani ni wajina wake. Mpaka jirani, Zuleha, alipomjia mbio na simu.

"Shoga, hebu mtazame mumeo! Yaani kama kweli!"

Alitazama. Akaomba kutazama tena. Kisha akaingia chumbani, akatoka amejitanda kanga gubigubi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama mbele ya mwanamume wa kando. Idarusi alimkuta hivyo mlangoni.

"Usiingie, Baba Hafsa. Umeniacha."

Mzee akacheka. "Ah! Si mchezo ule, mama?"

"Mambo matatu mzaha wake ni kweli, na ukweli wake ni kweli. Tumefundishwa chuo kimoja mimi na wewe. Ndoa, talaka na kumrejea mke. Umesahau, au makofi yamekuziba masikio?"

"Nilikuwa namwambia yule msichana!"

"Yule msichana ndiye binti Tahiri?"

Jioni ile ile kaka yake Mama Hafsa, Uweso, alikuja kumchukua, akampeleka kwake Mkwaja. Hakumpa Idarusi mkono. "Jina la baba yetu limekuwa mlio wa simu," alisema. "Angekuwa hai, shemeji, ungemfukia leo."

Idarusi alikimbilia kwa Mathew. Alimsihi afute kile kipande. Mathew aliguswa, si kwamba hakuguswa.

"Mzee, kwangu nitafuta hata sasa hivi. Lakini kiko kwa watu wangapi? Ni maji haya, yamemwagika." Kisha, akitazama chini: "Na wenye mchezo wanataka sehemu ya pili. Wanataka uoe tena."

Akaenda kwa Shehe Abdulghani. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Anayeigiza ni kama msimulizi," akasema, "anahadithia maneno ya mtu mwingine. Mimi kwa hilo nisingesema umeacha. Lakini katika hadithi ile mke ni Shamsiya. Jina la mkeo ulilitoa kifuani mwako mwenyewe. Nenda ukamwapie kwamba hukumkusudia yeye. Akikuamini, mkeo. Asipokuamini, mimi siwezi kumlaza mwanamke juu ya shaka."

Akasafiri. Kwenye pantoni ya Pangani abiria walimtambua. "Babu! Tupe ile!" Akatikisa kichwa. Wakampa wenyewe, pantoni nzima kwa sauti moja, jina la mkewe likienda juu ya maji, na yeye kashika chuma cha ubavuni asijue pa kuweka uso. Utamwambia nani anyamaze? Utamkamata nani? Mtu aliyefukuzwa kiwandani alijua angalau jina la aliyemfukuza.

Mkwaja, Uweso alimweka ukumbini, mbele ya pazia la chumba. Nyuma ya pazia alikuwapo Mama Hafsa. Alimwona vidole vya miguu tu.

"Nimekuja kuapa," akasema Idarusi.

"Subiri kwanza usiape. Nijibu. Mimi nilikuwa nakuja kukutazama kiwandani, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa mwigizaji mbovu, Baba Hafsa. Nilikuwa sikwambii. Bepari gani anatazama watazamaji kama wanacheka? Ulipojifanya unalia ulikuwa unafumba jicho moja." Sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo, kisha hicho kikakatika. "Kuigiza kwako nakujua. Siku ile hukuigiza. Yale machozi nayajua, ulilia vile tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Sasa niambie, na Mungu anasikia. Ulipolitaja jina langu, ulikuwa unamuona nani?"

Kiapo kilikuwa kimekwisha fika ulimini. Neno moja tu, sikumuona mtu, na mke angerudi nyumbani. Angeweza kulisema. Lakini tazama balaa: ili kulisema vizuri, ingempasa aigize, na mbele ya huyu mmoja duniani hakuwahi kuweza.

"Yule kijana aliniambia nitafute jina linaloniuma," akasema polepole. "Nilitafuta, mama. Nilipekua kote. Sikupata jingine ila lako. Nikafikiri, nikiambiwa huyu kaondoka, nitakuwaje? Ndipo nikalia. Nilikuona wewe."

Pazia halikutikisika. Kuku alipita ukumbini, Uweso hakumfukuza.

"Neno zuri kuliko yote uliyopata kuniambia," akasema Mama Hafsa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito akiwa hana pa kukitua. "Na ndiyo ulinikusudia, basi."

"Mama Hafsa…"

"Kaapie kwa Shehe hayo uliyoniambia mimi, uone atakujibu nini."

Vidole vya miguu vikaondoka chini ya pazia.

Alipotoka nje, habari ilikuwa imekwisha enea. Wanawake waliotoka kisimani walikuwa wametua ndoo, vijana wametoa simu. Mmoja akaanza, wengine wakadakia, "Sabiha binti Tahiri!" wakaachia hapo, wamemnyooshea mzee simu, wakisubiri amalizie.

Idarusi akageuka, akaielekea nyumba.

"Mama Hafsa," akaita. "Mama Hafsa!"

Watu wakatazamana.

"Siyo hiyo, babu," akasema mwanamke mmoja akicheka, simu bado iko juu. "Tupe ile ya kweli."