Rangi Shingoni mwa Skrubu

Begi lilikuwa begani na mguu mmoja umeshavuka kizingiti cha karakana pale daktari aliponiita nirudi nione rangi.

"Dakika mbili tu, fundi. Utasafirije hujaiona kazi yako?"

Basi langu lilikuwa la saa sita. Huko niendako walikuwa wakijenga daraja na walitaka mkereza vyuma, mtu wa kuvichonga kwa mashine. Karakana ile ya chuo cha madaktari wa meno nilikuwa nimeifanyia kazi miezi saba, na kwangu mimi miezi saba ni uzee. Dada yangu, aliyenizidi miaka sita na ndiye aliyenipa chumba, alikuwa akiniita Mguu Nje tangu utotoni. Hakukosea.

Daktari alikuwa mama mfupi, mpole. Alikuwa akibuni skrubu ya titani ya kupandwa ndani ya taya, mahali pa mzizi wa jino lililong'oka. Ikishikana na mfupa, juu yake huvishwa jino la bandia. Yeye alichora, mimi nikakereza. Wiki ile nilikereza sita. Tano za majaribio. Ya sita ilikuwa ya dada, ya kupandwa Jumatatu asubuhi.

Dada alikuwa fundi cherehani, na jino lake la mbele alilimaliza mwenyewe kwa kukata uzi, miaka thelathini.

"Mkasi ni wa nini basi?" nilimwuliza siku moja.

"Mkasi hutafutwa," alisema. "Meno hayajawahi kupotea chini ya kitambaa."

Sasa lilikuwa limepotea, na alikuwa akicheka kiganja kikiwa mdomoni, yeye ambaye zamani akicheka majirani walikuja kuuliza kuna nini. Daktari alishamwambia: mfupa wa hapo mbele ni mwembamba, ukiharibika hautapandika tena. Nafasi ilikuwa moja.

Daktari akashusha pazia. Mezani palikuwa na kipande cha plastiki angavu, mojawapo ya skrubu zangu imezama ndani yake, kati ya vioo viwili vyeusi, taa kwa nyuma. Akatundika jiwe la mizani kwenye wenzo ili uzito uisukume skrubu kwa mshazari, kama dada anavyovuta uzi.

Rangi zikatoka. Plastiki ile iliyokuwa haina kitu ikaota mistari ya njano, nyekundu na buluu, kama mafuta juu ya maji.

"Kila mstari ni mkazo," alinieleza. "Pasipo na mistari, mfupa umestarehe. Inapobanana, mfupa unaumia."

Chini ya skrubu ilikuwa michache, imetawanyika. Shingoni, pale skrubu inapotokeza nje, ilisongamana kama watu kwenye mlango mmoja, moto umeshika ndani.

Daktari akakunja uso. "Skrubu ya mfano niliyoijaribu mwanzoni haikuwa hivi." Akaigonga plastiki kwa ukucha. "Labda ilikauka vibaya. Nitamwaga nyingine wiki ijayo. Wewe nenda, basi lisikuache."

Nilikuwa nimefunguliwa mlango. Na mimi nilijua.

Mchoro ulitaka hesi, ile mizunguko inayoizingira skrubu, iwe butu, na kule shingoni iwe midogo midogo, ya kina kifupi. Nilipouona nilicheka moyoni. Kabla ya vyuma nilikuwa seremala, na kabla ya hapo nilifunga mageti. Shule yangu ni ya vipande vipande, lakini bawaba zangu hazijawahi kung'oka. Skrubu isiyouma itashikaje? Basi nikakinoa kisu cha mashine kikawa kikali, nikazama kina, hadi juu kabisa shingoni. Nilifanya kwa mapenzi. Ya dada niliizamisha kuliko zote.

Nikiwa nimesimama pale nilimkumbuka mama yetu, na ile miaka miwili aliyolala kitandani. Tulikuwa watoto wanne. Mmoja alikuwa na kazi ya mbali, mmoja ananyonyesha, mimi nilikuwa njiani. Mzigo wote ulimwangukia dada, aliyekuwa karibu na mlango wa mama. Sisi wengine tuliandika barua kumsifu kuwa ni imara.

Nikaweka begi chini.

"Plastiki haina kosa," nilisema, nikamweleza.

Hakugomba. Alivuta stuli, akakaa, akaitazama ile shingo yenye rangi. "Umewaza ubao," alisema hatimaye. "Ubao umekufa, fundi, unakubali kuumwa. Mfupa uko hai. Ukiubana mahali pamoja unarudi nyuma, kidogo kidogo, hadi skrubu inabaki peke yake. Usipoupa kazi kabisa, nao unayeyuka. Unataka mzigo uliogawanywa."

"Nipe mchoro," nilisema.

Basi la saa sita liliondoka. Nilikisaga kisu upya ncha ikawa butu, mashine ikatetemeka, nikaharibu mbili. Mbili nyingine zilitoka sawa jioni, nikalala palepale karakana. Kesho yake plastiki mpya ilipokauka tulitundika jiwe lile lile. Rangi zilikuwepo bado, ila zilikuwa zimeshuka mwili mzima wa skrubu, kama ngazi.

Dada nilimkuta kwenye cherehani.

"Umekosa basi jana?"

"Niliachana nalo." Nikamweleza yote.

Aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Kwa hiyo ulitaka kunifunga kama geti."

"Geti zuri, dada."

Akacheka, kiganja mdomoni. Kisha akauliza bila kunitazama, "Mfupa unachukua muda gani kushika?"

"Miezi minne. Bila kusumbuliwa."

"Na daraja?"

"Litajengwa."

Jumatatu alipandwa skrubu mpya, na miezi hiyo minne nilikaa kando ya cherehani yake kila jioni, nikimkatia nyuzi kwa mkasi.

Daraja lilijengwa na mkereza mwingine, na linapitika. Daktari alistaafu, siku hizi chuo kinanunua skrubu zilizo tayari. Dada alivishwa jino lake, na wiki haikuisha akarudia kukata uzi kwa meno. Alifariki miaka kumi na miwili baadaye kwa ugonjwa wa figo, jino likiwa mahali pake. Mimi nimehama mara tano tangu hapo. Ile skrubu yake ya kwanza, yenye hesi kali, ninayo. Nimeizamisha kwenye fremu ya mlango wa chumba ninachokaa sasa, natundikia ufunguo. Kwenye ubao imeshika vizuri.